Sola kwa mpangaji wa mjini Uganda: maswali tunayoulizwa kila mara

Mjini Arua kuna mtaa unaoitwa Pangisha, na jina hilo linatufaa wengi. Tumetoka kijijini, tumepanga chumba, na paa lililo juu yetu ni la mtu mwingine. Maswali haya yametoka kwenye vikao vya wapangaji, vikundi vya akiba na meza za mafundi, hapa Arua na kwa ndugu zetu walioko Kampala. Mengi yanagusa tatizo lilelile: msaada wa serikali kwa sola ulipangwa kwa ajili ya mtu mwenye nyumba yake kijijini, na mji unajaa watu wasio na paa lao. Msaada huo upo, na mpangaji anaweza kuufikia akijua pa kupitia.

## Mambo ya kwanza kujua

1. Sola ina sehemu gani, na kila moja inafanya nini?

Paneli hugeuza mwanga wa jua kuwa umeme. Kontrola husimamia umeme huo usiichome betri wala kuikausha. Betri hutunza umeme wa usiku. Ukitaka kutumia vifaa vya kawaida vya ukutani unahitaji pia inveta, inayogeuza umeme wa betri uwe kama ule wa gridi. Vifaa vidogo vya taa na simu havina inveta, na kwa kazi hiyo haihitajiki.

2. Uganda ina mabwawa makubwa. Kwa nini tuhangaike na sola?

Kweli, umeme tunao. Bwawa la Jinja lilifunguliwa mwaka 1954, Bujagali likaongeza megawati 250 mwaka 2012, Isimba 183 mwaka 2019, na Karuma lenye megawati 600 likazinduliwa 2024. Kwa jumla mitambo ya nchi inaweza kuzalisha zaidi ya megawati 2,000.

Shida ni safari ya umeme kutoka bwawani hadi chumbani kwako. Nguzo hazijafika, au zimefika na transfoma imezidiwa kwa sababu mtaa uliokuwa na nyumba ishirini sasa una mia mbili. Sisi wa West Nile, yaani eneo hili la Arua, tunalijua hili vizuri. Kwa miaka mingi eneo letu lilikuwa nje ya gridi ya taifa, tukitegemea jenereta na bwawa dogo la Nyagak lenye megawati 3.5. Mto Nile unapita kwetu, na bado tulilala gizani. Aliyekulia katika hali hiyo hashangai kuona paneli juu ya kila kibanda cha kinyozi.

3. Msimu wa mvua sola inakufa?

Haifi, inadhoofika. Nchi yetu iko kwenye ikweta na jua ni la kutosha mwaka mzima. Kwa wastani kila mita ya mraba hupata kilowati-saa 5 hivi kwa siku. Siku ya mawingu mazito, Aprili au Oktoba, unaweza kupata nusu ya hiyo au chini yake. Kwa hiyo piga hesabu zako kwa siku mbaya. Ukinunua paneli inayotosha siku ya jua kali tu, mvua ikianza utarudi kwenye tadooba, ile taa ndogo ya mafuta.

4. Paneli ya wati 100 itawasha nini hasa?

Swali hili huulizwa kuliko yote, na wauzaji wengi hulijibu vibaya.

Paneli ya wati 100, siku ya kawaida, ikipata saa 4 za jua zuri, inatoa wati-saa 400 hivi. Ondoa zinazopotea njiani na kwenye betri, zibaki kama 300. Sasa gawanya. Balbu nne za wati 5 zikiwaka saa 5 zinakula 100. Televisheni ndogo ya wati 30 ikiwaka saa 4 inakula 120. Simu tatu au nne zinakula 40 au 50. Umefika mwisho.

Ukiongeza pasi ya wati 1,000, dakika kumi na tano tu zinameza wati-saa 250. Draya ya saluni ni hivyo hivyo. Friji ndogo huenda ikahitaji wati-saa 800 au zaidi kwa siku, kwa hiyo inataka paneli tatu au nne za aina hii pamoja na betri ya maana.

Na betri nayo ina hesabu yake. Betri ya volti 12 na saa-ampea 100 ina wati-saa 1,200 kwenye karatasi. Ikiwa ni ya risasi na asidi, usivuke nusu, la sivyo itakufa mapema. Ya lithiamu unaweza kuitumia hadi asilimia 80 au zaidi. Ndiyo maana lithiamu ni ghali dukani lakini mara nyingi ni nafuu kwa miaka.

5. Je, naweza kupikia?

Kwa sola ya chumba kimoja, hapana. Kupika kunataka wati 1,000 na kuendelea kwa saa nzima. Makaa yamepanda bei, na tangu amri ya rais ya Mei 2023 iliyopiga marufuku uchomaji wa makaa wa kibiashara kaskazini, watu wanatafuta njia nyingine. Mwenye mita yake ajaribu jiko la umeme la presha, kwa sababu bei ya gridi ina daraja la nafuu kwa matumizi ya yuniti za 81 hadi 150 kwa mwezi, lililowekwa mahususi kwa ajili ya kupikia.

## Mji unavyobadilika

6. Sola ilikuwa ya kijijini. Imekuwaje iko mjini?

Kwa sababu kijiji kimehamia mjini, na mji umehamia kijijini. Mwaka 2020 serikali ilianza kupandisha manispaa kuwa majiji: Arua, Gulu, Jinja, Mbarara, Mbale, Masaka, Fort Portal, kisha Hoima, Lira na Soroti. Mipaka ya majiji hayo ilivutwa hadi kwenye mashamba. Kwa hiyo leo kuna mtu anayeishi ndani ya jiji kwa jina, analima muhogo nyuma ya nyumba, na nguzo ya karibu iko mbali naye.

Katikati ya mji mambo ni mengine. Vijana wanaofika kutafuta kazi hupanga muzigo, yaani chumba kimoja katika safu ya vyumba sita, nane, kumi, choo kimoja, mlango wa mbele unaotazama mlango wa jirani. Kisenyi, Bwaise na Namuwongo kule Kampala, Oli hapa Arua, kote ni hivyo. Umeme unaweza kuwepo, lakini mita si yako. Mpangaji hununua sola apate kitu kimoja chake mwenyewe, taa isiyozimwa na mtu mwingine.

Taa hiyo imebadilisha mengi. Mama aliyekuwa akifunga genge saa kumi na mbili jioni sasa anauza nyanya na samaki hadi saa nne usiku. Watoto wanasoma. Kinyozi hahitaji tena kupanga chumba chenye mita. Mwenye kibanda cha video haogopi umeme kukatika katikati ya mechi. Na kuna badiliko moja lisilosemwa sana: mara nyingi ni mwanamke ndiye aliyenunua, kwa pesa ya kikundi cha akiba, na hilo limezua mazungumzo mapya ndani ya nyumba (tazama swali la 23).

7. Tunachangia mita moja wapangaji wanane. Kwa nini umeme unakuwa ghali?

Kwa sababu nafuu ya serikali hutolewa kwa kila mita, wala haihesabu watu. Mteja wa nyumbani hupata yuniti 15 za kwanza za mwezi kwa bei ya chini, iliyokuwa shilingi 250 kwa yuniti kwa miaka ya karibuni, ilhali yuniti za kawaida zimekuwa zikizidi shilingi 700. Nia ilikuwa kumsaidia maskini anayewasha balbu mbili. Lakini maskini wa mjini hana mita. Wapangaji wanane wakigawana yuniti zile 15, kila chumba kinapata chini ya yuniti 2 za nafuu. Zinazobaki zote ni za bei kamili, wakati tajiri anayeishi peke yake anazifaidi zote 15.

Hili linaniuma kila nikilieleza, kwa sababu watu hudhani mwenye nyumba anawaibia. Wengine huibiwa kweli, hasa wanaotozwa kiasi kile kile kila mwezi bila kusomewa mita. Lakini hata mwenye nyumba mwaminifu kabisa hawezi kugeuza hesabu hii. Kinachoweza kusaidia ni kuomba mita ndogo kwa kila chumba, ili angalau kila mtu alipe alichotumia, au kutoa taa na simu kwenye mita na kuziweka kwenye sola.

8. Nimeambiwa kamyufu, fundi wa umeme asiye na kibali, ataniunganisha kwa bei ndogo. Ni sawa?

Usikubali. Waya wa kamyufu hauna kinga wala waya wa ardhini, na katika vyumba vya mbao unaunguza safu nzima. Sheria ya umeme ilirekebishwa mwaka 2022 na adhabu za wizi wa umeme zikaongezwa sana. Polisi wakija, watakukamata wewe mwenye balbu, na kamyufu atakuwa keshaondoka.

9. Zile taa za sola za barabarani ni za nani?

Ni za mji. Nyingi katika miji ya nje ya Kampala zilikuja na mradi wa USMID ulioanza 2013 kwa mkopo wa Benki ya Dunia, uliojenga barabara za lami katika manispaa 14, Arua ikiwemo, na taa zikasimamishwa pembeni. Taa ikizimika, peleka taarifa ofisi ya divisheni kupitia mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la mtaa. Mara nyingi kilichokufa ni betri, na mji usipotenga fedha ya betri nguzo hubaki pambo.

## Msaada wa serikali

10. Je, serikali inatoa sola bure?

Kwa mtu binafsi wa mjini, hapana. Anayekuja mlangoni na fomu akidai shilingi 20,000 za kuandikishwa kwa sola ya bure ni tapeli. Shule na vituo vya afya vimefungiwa sola kupitia miradi ya serikali tangu ule wa nishati vijijini ulioanza mwanzoni mwa miaka ya 2000. Kwako wewe msaada unapita njia tatu: kodi iliyoondolewa (swali la 11), ruzuku inayopunguza bei dukani (swali la 12) na mikopo ya maendeleo (swali la 13).

11. Ni kodi gani iliyoondolewa?

Paneli, taa za LED, betri maalumu za sola, hita za maji za jua, friji za sola na majiko ya jua vimesamehewa kodi ya ongezeko la thamani, ambayo kwa bidhaa nyingine ni asilimia 18. Vifaa maalumu vya kuzalisha umeme wa jua vina msamaha wa ushuru wa forodha pia chini ya utaratibu wa Jumuiya ya Afrika Mashariki.

Televisheni na feni hazimo katika orodha hiyo. Kwa hiyo mwenye duka akikuuzia kifurushi chenye televisheni, bei itakuwa na kodi ndani yake. Lakini akikuuzia paneli peke yake na kukuandikia asilimia 18 kwenye risiti, muulize. Uliza kwa adabu, ukiwa na risiti mkononi.

12. Ruzuku ya dukani ninaipataje?

Upo mradi wa taifa wa kupanua upatikanaji wa umeme, unaojulikana kwa herufi EASP, unaofadhiliwa na Benki ya Dunia. Sehemu ya sola inasimamiwa na UECCC, kampuni ya serikali ya mikopo ya nishati. Pesa haipiti mkononi mwako. Kampuni ya sola iliyosajiliwa kwenye mradi inakuuzia kifaa kilichoidhinishwa kwa bei iliyopunguzwa, kisha inalipwa tofauti baada ya kuthibitisha kwamba kifaa kimefungwa nyumbani kwa mtu halisi.

Ndiyo maana wanakuomba kitambulisho cha taifa, namba ya simu na mahali unapoishi. Mpangaji hukwama hapo. Kifaa kimesajiliwa kwa chumba fulani, mkaguzi anafika, mpangaji amehama, na kampuni inapata hasara. Mawakala wengine wameanza kuwakwepa wapangaji kwa sababu hiyo. Nenda na barua ya LC1 inayosema unakaa wapi na tangu lini, pamoja na namba ya simu ya pili, ya ndugu au jirani. Nimeona barua hiyo ikifungua mlango uliokuwa umefungwa.

Uliza mambo mawili kabla ya kulipa: je, kampuni hii imo kwenye mradi, na je, kifaa hiki ndicho chenye ruzuku? Kampuni inaweza kuwa imo na kifaa kisiwemo.

13. Pesa ya PDM au Emyooga naweza kununulia sola?

Fedha za PDM, mpango wa serikali wa maendeleo ya parokia (parokia ya utawala, si ya kanisa), ulioanza 2022 kwa shilingi milioni 100 kwa kila parokia, ni za kuzalisha kipato. Kaya hukopeshwa hadi shilingi milioni 1. Taa ya chumbani haitakubaliwa. Lakini taa za banda la kuku zinazofanya vifaranga wale usiku, au paneli ya mashine ya kutotoa mayai, ni sehemu ya mradi, na unaweza kuziandika hivyo kwenye ombi lako.

Emyooga, mpango wa serikali wa mikopo ulioanza 2019, inawafaa zaidi watu wa mjini kwa sababu imegawanywa kwa kazi: wenye saluni, mafundi wa kuchomelea, washonaji, waendesha boda boda, wauzaji wa sokoni. Kinyozi anayenunua paneli na mashine zake ananunua zana ya kazi. Fedha ni ya chama, kwa hiyo lazima uwe mwanachama kwanza.

14. Mitambo ile mikubwa ya Soroti na Tororo inanifaa nini mimi?

Soroti ulikuwa wa kwanza, megawati 10, Desemba 2016. Tororo ukafuata mwaka 2017 na megawati 10, kisha Kabulasoke katika wilaya ya Gomba na megawati 20 mwaka 2019, na Bufulubi kule Mayuge. Umeme wake wote unaingia gridi. Usipokuwa na mita, hautakufikia moja kwa moja. Ndiyo, nalo ni jambo la kujiuliza: fedha nyingi za wahisani zilikwenda kwenye mashamba ya paneli yanayouza umeme kwa gridi, na nyumba iliyo karibu na ua wa mtambo bado inaweza kuwa gizani. Tofauti ni pale penye gridi ndogo, kama kisiwa cha Bugala huko Kalangala au vijiji vya Lamwo, ambako paneli zinawalisha watu wa hapohapo.

## Kununua

15. Nilipe taslimu au kidogo kidogo kwa simu?

Malipo ya kidogo kidogo yameleta sola kwa watu ambao wasingeipata kamwe, hilo nalikubali kwa moyo wote. Lakini fanya hesabu kabla ya kuweka kidole gumba. Tuseme kifaa ni shilingi 600,000 taslimu. Kwa mkopo unaanza na 100,000, kisha 1,200 kila siku kwa miaka miwili. Siku 730 mara 1,200 ni 876,000. Ongeza kianzio, jumla ni 976,000. Umelipa 376,000 zaidi kwa ajili ya muda.

Inaweza kuwa halali kabisa kulipa hivyo. Anayetoa shilingi 500 kila anapochaji simu, simu mbili nyumbani, kila baada ya siku mbili, anatumia 15,000 kwa mwezi kabla ya mishumaa. Ila ujue unachonunua ni nini. Kama kikundi chenu cha akiba kinaweza kukukopesha kwa riba ndogo ukanunua taslimu, anza hapo.

16. Nikiacha kulipa, nini kinatokea?

Kifaa kinajifunga chenyewe hadi ulipe. Siku ulizozimiwa kwa kawaida husogeza mbele mwisho wa mkataba. Ukikaa muda mrefu, wakala anaweza kukichukua, na hapo kianzio hakirudi. Mwezi mgumu ukikaribia, piga simu kabla hujazimiwa.

Yaliyonipata mimi: nililipia kifaa miezi 14, wakala niliyemjua akaacha kazi, ofisi ya mtaani kwetu ikafungwa, na namba ya huduma ikawa haipokelewi. Kifaa kilipokataa kufunguka sikuwa na karatasi hata moja. Tangu siku hiyo nahifadhi kila ujumbe wa malipo na nakala ya mkataba nje ya simu, na nawaomba ninyi mfanye vivyo hivyo.

17. Nitajuaje kwamba wati zilizoandikwa ni za kweli?

Chukua futi kamba. Jua kali kabisa linatoa wati 1,000 hivi kwa mita ya mraba, na paneli nzuri hukamata kama asilimia 20 yake, yaani wati 200 kwa mita ya mraba. Paneli iliyoandikwa wati 200 ambayo haifiki hata mita 0.8 za mraba ni uongo, haijalishi ina kibandiko kizuri kiasi gani. Pima urefu, pima upana, zidisha.

Kama fundi wako ana mita ya kupimia, paneli ya wati 100 ya mfumo wa volti 12 iliyowekwa kwenye jua kali iwe na volti 18 hadi 22 na itoe ampea zisizopungua 5. Ukipata ampea 2, umeuziwa wati 40. Angalia pia alama ya shirika la viwango, UNBS, na dai waranti iliyoandikwa na kugongwa muhuri. Vifaa vidogo hupimwa kitaalamu katika kituo cha CREEC, Chuo Kikuu cha Makerere, kwa hiyo kuvikagua hapa nchini kunawezekana.

18. Fundi yeyote anaweza kufunga?

Kifaa kidogo cha taa tatu unaweza kufunga mwenyewe. Chenye inveta, tafuta fundi mwenye kibali cha mamlaka ya umeme, ERA, na umwombe akuonyeshe. Fundi mzuri hakasiriki ukimwomba. Chama cha kampuni za sola, USEA, nacho kina orodha ya wanachama wake.

## Mpangaji na mwenye nyumba

19. Naweza kufunga paneli bila kumwambia mwenye nyumba?

Usifanye hivyo. Msumari mmoja kwenye bati ni tundu, na mvua ya kwanza ikivuja umeshindwa kesi. Nenda ukazungumze naye, ukitanguliza salamu na kazi yenyewe ikiwa imeeleweka: "Shikamoo Hajati. Nina ombi. Nataka kuweka paneli ndogo juu ya bati. Fundi atatumia vibano, hatatoboa. Nikihama nitaitoa, na kama kutakuwa na uharibifu nitatengeneza mimi." Wengi hukubali, kwa sababu nyumba yenye mwanga haiwapi shida.

Kisha liandikeni. Sheria ya wenye nyumba na wapangaji ya mwaka 2022 inataka mkataba wa pango lenye thamani ya shilingi 500,000 na zaidi uwe wa maandishi, lakini hata kama chumba chako ni cha bei ya chini, mistari mitatu iliyosainiwa mbele ya LC1 inatosha: paneli ni ya nani, nani anatengeneza paa, na siku ya kuhama inakuwaje. Sheria hiyo pia inaweka kikomo cha asilimia 10 kwa mwaka kwenye kupandisha kodi ya pango, kwa hiyo asikuambie kodi imepanda maradufu kwa kuwa sasa una taa.

Akikataa kabisa, kuna paneli inayokunjwa, ya kutoa asubuhi na kuingiza jioni. Inachosha, lakini inafanya kazi.

20. Wapangaji wote tunaweza kununua mfumo mmoja mkubwa?

Mnaweza, na kwa wati moja moja bei inashuka. Kinachovunja mipango hii ni pasi ya mtu mmoja. Jirani anapiga pasi saa mbili usiku, betri inakwisha, wote mnakaa gizani na maneno yanaanza. Wekeni fyuzi ya kila chumba, taa na simu tu, na televisheni moja ya ua kama mnataka. Andikeni pia anayehama anarudishiwa nini: makundi niliyoyaona yakidumu ni yale ambayo mpangaji mpya hununua nafasi ya anayeondoka, na bei hupungua kila mwaka.

## Mambo ya pembeni

21. Paneli inavuta radi?

Paneli haiiti radi. Lakini radi ikipiga karibu, waya mrefu wa paneli huleta mshtuko hadi kwenye kontrola na redio. Tusilidharau: mwaka 2011 radi iliua wanafunzi 18 katika shule ya msingi Runyanya, Kiryandongo. Mwambie fundi aweke waya wa ardhini, na mvua ya radi ikianza chomoa simu na ukae mbali na nyaya.

22. Mimi ni mkimbizi ninayeishi mjini. Ninaweza kukopa kifaa?

Sheria ya wakimbizi ya 2006 inakuruhusu kufanya kazi na kutembea nchini. Kuhusu mkopo, wauzaji wengine hukubali kitambulisho cha mkimbizi kinachotolewa na Ofisi ya Waziri Mkuu, wengine hushikilia kitambulisho cha taifa. Usitumie kitambulisho cha rafiki. Kifaa kitakuwa chake kwa maandishi, na mkigombana huna pa kusimama. Kama hakuna anayekubali, nunua taslimu, hata iwe taa moja kwanza.

23. Nililipa mimi, lakini laini ya simu ni ya mume wangu. Tukitengana, sola ni ya nani?

Kwa kampuni, mteja ni yule ambaye jina lake liko kwenye mkataba. Malipo yote yaliyotoka mfukoni mwako kupitia laini yake yanaonekana kuwa yake. Nimekaa katika kikao ambapo mama aliyelipa karibu miaka miwili kwa pesa ya mandazi alionyeshwa mkataba usio na jina lake, na hakuna aliyeweza kumsaidia kwa karatasi ile.

Kama mkataba bado unaendelea, nendeni ofisini wote wawili mkiwa mnaelewana, muombe jina lako liandikwe au lihamishiwe. Kama ndiyo kwanza unanunua, tumia laini iliyosajiliwa kwa kitambulisho chako, hata kama simu yenyewe ni ndogo ya vitufe. Kama mambo yamekwisha kuharibika, kusanya daftari la kikundi cha akiba linaloonyesha siku ulizotoa pesa, na shahidi mmoja wa kikundi, kisha anza kwa LC1.